Shauri langu dhidi ya mwajiri lilifutwa kwa "kutofika", na mimi nilikuwa nimekaa palepale mlangoni

Wakuu, poleni na mihangaiko ya wiki. Wakubwa zangu humu ndani shikamooni, wadogo mambo vipi.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi ila uzi huu ndio wangu wa kwanza. Nimekaa nao kifuani mpaka nikaona nitapasuka. Yote nitakayosema yamenitokea mimi mwenyewe, sijahadithiwa na mtu. Majina tu nimebadilisha, na shule siitaji, maana bado ni mtumishi na kazi yangu bado naitaka.

Kama kuna mwanasheria humu asinicheke. Asome mpaka mwisho halafu anieleweshe, kwa sababu mimi mpaka sasa hivi sielewi kama nimeshinda, nimeshindwa, au hata sijaanza.

Tuseme naitwa Perusi Maregesi. Ni mwalimu wa kemia, sekondari ya serikali, hapa Mwanza. Naishi Buswelu. Kwetu ni Mara, Mjita kabisa, nimeolewa na Msukuma wa Sengerema anaitwa Masanja. Tuna mapacha, Kulwa na Doto. Msione naleta habari za ukoo, zinahusika.

Mwaka juzi niliugua homa ya uti wa mgongo. Nilipona, Mungu ni mwema, ila masikio hayakurudi. Yote mawili. Siku nilipozinduka pale wodini niliona manesi wanachezesha midomo tu, nikadhani wananitania.

Sasa kuna kitu watu hawakielewi. Kuongea naongea. Sauti iko vilevile, labda imezidi kidogo, mume wangu anasema naongea kama niko mnadani. Kwa hiyo nikimwambia mtu mimi ni kiziwi, ananikodolea macho: "Mbona unaongea?"

Jamani, mdomo na sikio ni viungo viwili tofauti!

Basi nikarudi shule, nikajipanga. Kemia ni ubao. Nikawaambia wanafunzi mwenye swali asinyooshe kidole, aje aandike ubaoni, wote walione, mimi nijibu. Mwanzoni walicheka. Baadaye wakazoea, na hata wale mabubu wa darasa, ambao hawajawahi kuuliza kitu tangu kidato cha kwanza, wakawa wanagombania chaki. Nilifurahi sana kipindi kile, sitaficha.

Halafu mkuu wa shule akaniita ofisini.

Hakunifokea. Alikuwa mpole mpaka nikaogopa. Akavuta kipande cha karatasi akaandika: "Madam, tumekuonea huruma. Pumzika kidogo na kelele za darasani."

Kelele gani, na mimi sisikii?

Kuanzia wiki iliyofuata nikawa mtu wa stoo. Majembe, madawati mabovu, magunia ya mahindi na maharage ya wanafunzi. Vipindi vyangu wakampa mwalimu wa jiografia, kijana mstaarabu tu, yeye mwenyewe alishika kichwa.

Nikauliza nimekosa nini. Nikajibiwa hujakosa. Nimeshushwa cheo? Hapana. Mshahara umeguswa? Haujaguswa. Sasa madam unalalamika nini?

Hapo ndipo kila mtu aliponiona mkorofi. Hata kaka yangu aliniandikia meseji kwamba watu wanaomba kazi ya kukaa wewe unaikataa, una wazimu? Mimi sikusomea kuhesabu majembe, wakuu. Nilitaka darasa langu. Hilo tu, na ndilo ninalolitaka mpaka leo.

Nikaenda kwa afisa elimu. Akaniambia rudi kwa mkuu wako. Mkuu akaniambia hayo mambo yako juu. Nikapanda juu, juu wakaniambia shuka chini. Nilikwenda hivyo mpaka soli ikaisha.

Jirani yangu Kabula, ambaye ni karani kwenye ofisi ya mawakili mjini, ndiye aliyeniambia dada huu ni ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, sheria inakataza, twende kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi. Akanisaidia kujaza fomu, tukapeleka. Nikaona sasa mambo yamenyooka. Kumbe!

Kwanza wakaniambia nije na mkalimani wa lugha ya alama.

Nikawaambia siijui lugha ya alama. Nimekuwa kiziwi ukubwani, nilikuwa nasikia juzi tu. Dada wa pale mapokezi akacheka, akaniandikia: "Sasa kiziwi asiyejua alama ni kiziwi gani?"  

Tukakubaliana nije na mtu ambaye midomo yake naisoma vizuri, awe masikio yangu.

Ningemchukua mume wangu, lakini Masanja yuko Geita kwenye ujenzi, na hata angekuwepo, yule anatafuna maneno na zile sharubu sioni kitu. Mtu ambaye namsoma kama kitabu ni mama mkwe. Ndiye aliyeniuguza. Anaongea taratibu, anafungua mdomo wote, na akikuambia jambo anakushika kidevu kwanza ili umtazame. Akavuka kutoka Sengerema na khanga yake mpya, anasema anakwenda kunipigania.

Siku ya shauri tulifika mapema, tukakaa kwenye benchi, mimi na mama mkwe. Kabula alikuwa kazini kwake. Korido imejaa watu. Karani anatoka mlangoni ameinamia karatasi, anaita majina, anarudi ndani. Kwa vile ameinama, midomo yake siioni. Sikujali, si nina mama?

Nikamwambia: "Mama, wewe sikiliza tu. Ukisikia wananiita, nishike mkono."

Akaitikia, akakaza shingo. Nakwambieni yule mama alisikiliza kwa moyo wote. Hata muuza maji alipopita alimfukuza asije akamvuruga.

Watu wakaitwa, wakaingia, wakatoka. Korido ikapungua. Tukabaki sisi na mzee mmoja aliyesinzia. Nikaona hapana, nikaingia kuuliza.

Karani akanionyesha: shauri limefutwa. Mlalamikaji hakufika.

Nikasema nimefika! Nimekaa pale kwenye benchi tangu asubuhi! Nadhani nilisema kwa ile sauti ya mnadani, maana askari wa getini alikuja. Karani akaandika, "Nimeita mara tatu."

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, waliita?"

Akanishika kidevu. "Waliita watu wengi. Wewe hawakukuita."

"Hawakuita Perusi Maregesi?"

"Aah, huyo aliitwa! Aliitwa mara tatu. Nikamsikitikia, nikasema huyu binti naye kapotelea wapi wakati shauri lake linamsubiri."

Nikamwangalia. Nikamwambia, "Mama, huyo ndiye mimi."

Wakuu, ninyi mtacheka. Mimi nilicheka kwanza, halafu nikakaa chini nikalia.

Niwaeleze, maana najua mtauliza inawezekanaje. Kwenye mji wa kina Masanja mkwe haitwi jina. Ni heshima. Ndoa tulifungia kwetu Mara, mama mkwe hakuja kwa sababu alikuwa anauguza. Nilipofika Sengerema nikawa "mke wa Masanja". Nilipojifungua mapacha nikawa Mama Kulwa, na hapo ndipo jina langu lilipokufa rasmi. Shuleni nao ni madam, madam. Hata mimi mwenyewe hilo Perusi nalikuta kwenye karatasi ya mshahara tu. Kosa ni langu, nilimpa mtu kazi ya kusikiliza bila kumwambia asikilize nini.

Na mwanasheria wa mwajiri alikuwa mle ndani, hanijui kwa sura, akaomba lifutwe, likafutwa.

Kabula akaniambia usikate tamaa, tunaomba lirudishwe, ila haraka, siku zenyewe ni chache. Tunaapa kiapo cha maandishi, tunaeleza sababu za kushindwa kufika.

Nikamwambia, "Lakini nilifika."

"Najua dada. Lakini ombi ndivyo lilivyo. Mtu anaeleza kwa nini hakuwepo."

"Nilikuwepo!"

"Kisheria hukuwepo."

"Kisheria nilikuwa wapi?"

Kabula akafikiri, akajikuna, akaandika: "Dada, sema tu uliumwa. Vyeti vya hospitali unavyo. Wanaokubaliwa ni wagonjwa na wafiwa."

Hapo nikawaka. Yaani nimfanye Mungu shahidi kwamba sikuwepo, ilhali nilikuwepo, ili nipate haki yangu? Mimi ndiye niongope? Nikamwambia tunaandika ilivyokuwa, wakikataa wakatae. Tukaandika: nilifika, nilikaa mlangoni, sikusikia kwa sababu ni kiziwi, na kuwa kiziwi ndiyo sababu yenyewe iliyonileta hapa.

Tatizo likawa mama mkwe. Naye alitakiwa aape.

Akakataa. Akasema nitaapaje mbele ya watu kwamba simjui jina mkwe wangu? Watu wa kanisani wakisikia watasema mama gani huyo. Masanja akampigia kutoka Geita, hakumsikiliza. Mwisho alikuja mwenyewe jikoni, akanishika kidevu: "Nitasema. Ila jina lako silitamki. Waliandike wao."

Siku ya kusikiliza ombi hata sikukaa na wasiwasi wa kuitwa. Kabula aliomba ruhusa kazini, akawa pembeni yangu ananiandikia kwenye simu kila kinachosemwa. Msuluhishi alikuwa mama mtu mzima, miwani puani.

Mwanasheria wa mwajiri akasimama, akasema haiingii akilini, mama mzima aishi na mkwe miaka yote hii asijue jina lake. Huu ni uongo wa kutengeneza. Akamgeukia mama mkwe.

"Mama, huyu ni nani?"

"Mama Kulwa."

"Nauliza jina lake."

"Mama Kulwa."

"Mama, kwenye kiapo chako jina limeandikwa. Sasa unalijua. Litaje."

Mama mkwe akageuka akanitazama.  Halafu akasema, na hili nililisoma mwenyewe sikusubiri kuandikiwa: "Siwezi, baba. Ni mkwe wangu."

Msuluhishi akavua miwani. Akamuuliza mwanasheria, "Wakili, wewe mama mkwe wako anakuitaje?"

Yule bwana akatazama faili lake. "Ananiita Baba Devota, mheshimiwa."

Shauri likarudishwa. Tulishuka pale mama mkwe anatembea kama mbunge. Tukapitia Mkolani kwa dada yake Kabula, tukala sato wa kukaanga, mama akasimulia yote upya mara mbili na mikono juu. Nilijua nimeshinda.

Sijui nani alinituma kujua.

Tuliporudi kwa ajili ya shauri lenyewe, mwanasheria akaleta kitu kinaitwa pingamizi la awali. Kwamba mimi ni mtumishi wa umma, na mtumishi wa umma haanzii pale. Anatakiwa amalize kwanza ngazi za ndani ya utumishi, alalamike, akate rufaa huko kwenye tume yao, aende mpaka juu, ndipo aje kwenye usuluhishi kama bado ana pumzi. Na hata siku nikitaka kwenda mahakamani moja kwa moja, serikali haishtakiwi hivihivi kama jirani aliyekuibia kuku. Unaitaarifu kwanza kwamba una nia ya kuishtaki, unasubiri, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe.

Msuluhishi akakubali. Alionekana kabisa hafurahii, lakini akasema sheria imemfunga mikono, hana mamlaka. Shauri likaondolewa.

Nikanyoosha mkono nikauliza, mheshimiwa, kama huna mamlaka, lile ombi la kulirudisha tulilisikiliza la nini?

Kabula akaniandikia jibu la mheshimiwa: lilirudishwa ili pingamizi lisikilizwe.

Yaani tulihangaika kumfufua maiti ili azikwe vizuri. Wanasheria mliomo humu, hii ni kweli ndivyo ilivyo? Siulizi kwa kejeli, nauliza kwa sababu sijaelewa.

Haya. Nikaenda kwenye mlango niliooneshwa, ile tume ya watumishi.

Pale wakaniambia mambo mawili. La kwanza, nimechelewa, niombe kuongezewa muda na nieleze nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa mlango wa jirani. Wakasema kutojua sheria si sababu.

La pili ndilo lililonimaliza. Rufaa inakatwa dhidi ya uamuzi. Leta uamuzi unaoulalamikia.

Nikarudi kwa mkuu wa shule, nikamwomba barua ya kunitoa darasani. Akashangaa kweli kweli, hakuwa anaigiza. Akaandika: "Barua ya nini, madam? Mimi sijakuamulia kitu. Nilikusaidia tu."

Na ni kweli, hakuna barua. Kile kipande cha karatasi alichoniandikia siku ile alikikunja akatupa kapuni, si yalikuwa mazungumzo tu? Kwenye ratiba vipindi vya kemia vina jina la mwingine, kwenye daftari la mahudhurio mimi ni mwalimu kama kawaida. Angenifukuza ningekuwa na barua. Angenitukana ningekuwa na mashahidi. Sasa kanionea huruma, na huruma haina kumbukumbu namba. Namkatia mtu rufaa kwa kunihurumia?

Ndipo nilipo mpaka leo. Kabula ananiambia tumwandikie rasmi tumlazimishe ajibu, hilo jibu ndilo liwe uamuzi. Wakili aliyemwajiri Kabula anasema hapana, ukifanya hivyo unaanza kuhesabu siku upya na watasema umetengeneza. Mtu mwingine ananiambia niende haki za binadamu. Mwingine anasema mwachie Mungu. Kila mmoja namwona ana akili, na wote wanapishana.

Mama mkwe yeye ana ushauri wake. Anasema ngoja aende yeye kwa mkuu wa shule na kuku mmoja, wakae, waongee. Usicheke, kwa nilikofikia huo ndio ushauri pekee nilioelewa wote.

Nilichojifunza, kwa mwenye jambo kama langu. Kabla hujapeleka malalamiko popote uliza kwanza mtumishi wa umma anaanzia wapi, na umuulize zaidi ya mtu mmoja. Bosi akikuhurumia, mwambie kwa upole aandike hiyo huruma na aweke saini, siku hiyohiyo. Na ukimpeleka mtu kukusikilizia, mwambie jina lako la kwenye karatasi, hata kama ni mama yako mzazi.

Ila kuna kitu kinanikaa kooni kuliko hivyo vyote. Ofisi zote nilizopita waliniuliza tarehe, nakala, anwani, ngazi, mamlaka. Hakuna hata mmoja, si wa upande wangu wala wa kwao, aliyewahi kuniuliza kama naweza kufundisha.

Niwaambie la wiki iliyopita, halafu nawaachia.

Yule mwalimu wa jiografia, tangu apewe vipindi vyangu, anakuja stoo jioni. Anakaa kwenye gunia, anafungua kitabu, ananiandikia: madam hii mada ya mole nimeisoma nimeambulia patupu, niwaambie nini kesho? Namweleza. Namchorea kwenye ukuta kwa mkaa. Kesho yake anaingia darasani anafundisha vilevile. Sijawahi kumkatalia, wale watoto ni wangu.

Matokeo ya majaribio ya mkoa yakatoka. Kidato cha nne wamefanya vizuri kemia kuliko masomo yote. Asubuhi mstarini mkuu wa shule alisimama mbele akaongea, kwa mbali midomo yake siioni, ila alikuwa anatabasamu. Watu wote wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa nguvu, mtu mzima huwezi kusimama mikono mfukoni wakati wenzako wanashangilia.

Tulipotawanyika yule kijana akanifuata, macho chini, akaniandikia kwenye kiganja chake tulikuwa tunampongeza nani: "Mimi, madam."

Wakuu, mwenye kujua sheria aniambie. Hilo nalo nalipeleka mlango gani? Andikeni hapa chini, nasoma komenti zote. Namba ya simu msiniombe, mnajua haitasaidia.